Mbwa Mdogo Anayebweka Bila Kukoma: Kutafuta Chanzo na Kurekebisha Katika Nyumba za Bukavu

Mtu aliyekulia Bukavu, mashariki mwa Kongo, anajua kwamba nyumba zetu hazikai kando kwa kando tu, bali hukaa pia moja juu ya nyingine. Kwenye miteremko ya Kadutu, na sehemu nyingi za Ibanda, baraza la mtu huwa sawa na paa la jirani wa chini, na kijia cha miguu hupita katikati yao kikiwa na watu tangu alfajiri hadi usiku. Mbwa mdogo wa kilo 5 akisimama ukingoni mwa baraza la namna hiyo na kuanza kubweka, sauti yake haizuiliwi na kitu. Huteremka bonde zima, na watu wa nyumba kumi hukosa usingizi kwa ajili ya mnyama ambaye wengi wao hawajawahi kumwona.

Mwongozo huu nauandika nikiwa upande wa mwenye mbwa. Wangu ni chotara wa kilo 6, mwenye masikio ya kusimama, na kwa karibu mwaka mzima nilimkemea kila siku bila mafanikio, mpaka jirani mmoja mzee wa nyumba ya chini alipopiga hodi, akakaa, akanywa chai, kisha akaniambia kwa upole, «Mama, ile mbwa yako haituachaka tulale.» Nilichojifunza baada ya siku hiyo ndicho msingi wa yote yanayofuata. Kubweka ni dalili, na dalili hii moja ina vyanzo vingi ambavyo tiba zake hupingana. Mbwa anayebweka kwa woga hutulizwa kwa kusogezwa karibu nawe. Anayebweka ili umtazame hurekebishwa kwa kutotazamwa. Ukikosea chanzo, tiba yenyewe huongeza tatizo, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kusema kwamba mbwa wao ni mkaidi.

Wiki ya kwanza: andika, usirekebishe

Kwa siku 7 usibadilishe lolote. Chukua daftari la shule, na kila mbwa anapobweka kwa zaidi ya nusu dakika, andika saa, mahali aliposimama, alichokuwa akikitazama au kukisikia, jinsi mwili wake ulivyokuwa, na jambo lililomfanya anyamaze. Watu wengi huandika manne ya mwanzo na kuacha la tano, kumbe la tano ndilo linalofichua zaidi. Kama hunyamaza mpita njia anapotoweka kwenye kona, mpita njia ndiye sababu. Kama hunyamaza unapomwekea chakula, alikuwa akidai chakula. Kama hunyamaza unapofungua mlango na kuingia, alikuwa peke yake na hakuvumilia. Kama hanyamazi kwa lolote, hata ukimwekea kipande cha nyama puani, soma kwanza sehemu ya ugonjwa na ile ya radi na milio mikubwa.

Usiandike kwamba alibweka bila sababu. Sikio la mbwa husikia milio ya hadi hertzi 45,000 hivi, wakati la mwanadamu huishia kwenye 20,000, kwa hiyo panya aliye darini, au jenereta inayowashwa upande wa pili wa bonde, kwake ni kitu kilicho wazi kabisa. Andika tu kwamba hukuona kitu, kisha uendelee. Baada ya siku kadhaa saa zenyewe zitaonyesha mpangilio.

Isikilize sauti pia. Milio mizito, ya haraka na inayofuatana, pamoja na mwili unaoegemea mbele na manyoya ya mgongoni yaliyosimama, kwa kawaida humlenga mgeni au mnyama mwingine. Mlio mmoja mwembamba, kisha kimya, kisha mwingine, huku macho yakiwa juu yako, ni dai. Mlio mrefu unaopanda na kushuka, unaorudiwa kwa muda mrefu bila kubadilika, mara nyingi ni wa upweke. Mwili uliorudi nyuma, mkia uliobanwa katikati ya miguu na masikio yaliyolala ni woga, hata kama meno yanaonekana.

Mbwa wadogo wana historia yao katika jambo hili. Mbwa wa jamii ya terrier walifugwa ili waingie kwenye mashimo ya wanyama na kubweka humo, mwindaji apate kujua walipo chini ya ardhi. Lhasa Apso alifugwa Tibet ili awe mlinzi wa ndani katika makao ya watawa, na kazi yake ilikuwa kutoa taarifa mapema. Chotara wengi walioko mjini kwetu hatuwezi kujua babu zao walifanya kazi gani, lakini mwelekeo huo wanaweza kuwa nao. Hata basenji, mbwa wa misitu ya Kongo anayesifiwa duniani kwa kutobweka, na ambaye wawindaji humfunga kengele ya mbao shingoni ili wamfuatilie porini, si bubu. Hutoa mlio unaokaribia kuimba, na akikasirika hulia. Namtaja kwa fahari, kwa kuwa ni wa nchi yetu, na pia kwa sababu anaonyesha mahali pa kuweka lengo. Mbwa wa kimya kabisa asitafutwe. Anayefaa nyumbani ni yule anayebweka mara tatu au nne, akasikilizwa, kisha akatulia.

Ondoa ugonjwa kwanza

Dalili kuu hapa ni mabadiliko ya ghafla. Mbwa aliyekuwa mtulivu kwa miaka, kisha akageuka ndani ya siku chache, apelekwe kwa daktari wa mifugo, yaani veterineri, kabla ya kufunzwa chochote. Pitisha mkono polepole kichwani, masikioni, mgongoni na kwenye miguu, ukiona ni wapi anashtuka. Sikio linalonuka na ambalo mbwa hulikuna au kulitikisa mara nyingi lina maambukizi. Meno yaliyooza, viroboto wengi na viungo vinavyouma humfanya mbwa awe mwepesi kukereka na kubwekea kila kinachomkaribia.

Mbwa wadogo wana shida nyingine ambayo wenye nyumba huidhani ni kubweka. Bomba la hewa la shingoni hulegea na kubanwa, na mbwa hutoa kikohozi kikavu kinachofanana na sauti ya bata bukini, hasa anapovutwa kwa kamba au anaposisimka. Mbwa wa namna hiyo hahitaji amri ya kunyamaza. Anahitaji mkanda wa kifuani badala ya ule wa shingoni, kupunguzwa uzito ikiwa amenenepa, na kupimwa.

Kwa mbwa mzee, tuseme wa miaka 10 na zaidi, anayesimama usiku wa manane akiubwekea ukuta au kona, fikiria kwamba huenda macho na masikio yamepungua nguvu na akili yake imeanza kuchoka, hata usiku na mchana vikabadilishana nafasi. Huyo asikemewe kamwe. Mwachie taa ndogo, usibadilishe mahali pa kulala wala pa chakula, na mtoe nje mara ya mwisho kabla ya kufunga milango.

Jambo moja halina nafasi ya kusubiri. Kichaa cha mbwa kipo katika nchi yetu, na mojawapo ya dalili zake ni sauti iliyobadilika, ikawa ya kukwaruza, pamoja na mate yanayotiririka, kushindwa kumeza, na tabia isiyo ya mbwa huyo: mpole anakuwa mkali, mkali anakuwa mpole kupita kawaida. Ukiona hivyo usimkaribie. Mfungie alipo bila kumshika, wazuie watoto, na umwite veterineri. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa maana ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu karibu kila mara huua. Chanjo ya mbwa hutolewa kuanzia miezi 3, kisha hurudiwa kama kadi inavyoelekeza, na mbwa wa kilo 2 huihitaji sawasawa na mbwa mkubwa wa zamu.

Anabwekea kila apitaye njiani

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote katika mji wa milima, na ndilo ninaloliona halieleweki. Mbwa yuko juu, njia iko chini. Motari, yaani mwendesha pikipiki ya abiria, anapita, mbwa anabweka, motari anaendelea na safari yake. Wanawake wenye magunia ya makala, yaani mkaa, wanapita, mbwa anabweka, wanaendelea. Kwetu sisi walikuwa wanapita tu. Kwa mbwa, aliwabwekea wakaondoka, na kazi ikafanyika. Akifanya hivyo mara 60 kwa siku, amepata ushindi mara 60, na hakuna kemeo lako linaloweza kushindana na hesabu hiyo. Zaidi ya hapo, unapomfokea kutoka jikoni, yeye husikia tu kwamba na wewe umejiunga.

Kwa hiyo marekebisho huanza na mahali, na mafunzo hufuata. Macho ya mbwa mdogo yako sentimita 25 hivi kutoka ardhini, na huu ni urahisi mkubwa ambao wenye mbwa wakubwa hawana: kizuizi cha sentimita 70 kinatosha kumkatia njia yote machoni. Ua wa matete, mabati yaliyokwishatumika, au shitingi (turubai la plastiki) iliyofungwa kwenye vyuma vya baraza, vyote hufaa, mradi pasiwe na mwanya wa kuchungulia, kwa kuwa mwanya mmoja humfanya akeshe hapo na kubweka kwa hasira zaidi kuliko angeona kila kitu. Ikiwa huwezi kuziba, mhamishie upande wa nyuma katika saa zenye msongamano, yaani asubuhi watoto wanapokwenda shule na jioni watu wanaporudi kutoka sokoni. Mimi nilifunga shitingi Jumamosi moja, na kufikia Jumatano hesabu ya daftari ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu, kabla sijamfundisha hata neno moja.

Hata hivyo mbwa atakutana na wapita njia siku zote, na inafaa abadilishe maana yao moyoni mwake. Tafuta umbali ambao anamwona mtu, anasimamisha masikio, lakini bado hajabweka. Inaweza kuwa ni ndani ya mlango, mita 8 kutoka ukingoni. Kaa naye hapo ukiwa na vipande vidogo vya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizokaushwa, zisizo na chumvi, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa punje ya haragwe. Mtu anapotokea, mpe kipande, kingine na kingine mpaka mtu apotee. Mtu akishapotea, acha kutoa. Usisubiri abweke ndipo umpe, wala usimtake akae au afanye lolote. Unachojenga ni mazoea kwamba mtu njiani huleta sambaza. Dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni zinatosha. Baada ya siku kadhaa utamwona akimtazama mpita njia kisha akageuka kukutazama wewe, na hiyo ndiyo ishara ya kusogea mita moja mbele. Akibweka, umesogea upesi mno. Rudi nyuma bila kumlaumu.

Tahadhari moja kuhusu chakula: mbwa wa kilo 5 hushiba upesi, na vipande vya mafunzo vipunguzwe kwenye sahani yake ya jioni. Yai lililochemshwa na nyama isiyo na viungo pia hufaa. Vitunguu, chokoleti, zabibu na mifupa ya kuku iliyopikwa visitumike hata kidogo. Vitatu vya kwanza ni sumu kwake, na cha nne huvunjika kuwa vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Anapandwa na hasira mtu akipiga hodi

Hodi ni jambo tofauti, kwa sababu mgeni haondoki, anaingia. Hapa mbwa anahitaji kazi ya kufanya badala ya kubweka. Mchagulie mkeka au gunia safi mbali na mlango, na kwa siku kadhaa umfundishe kwamba kufika hapo huleta chakula, bila mgeni yeyote. Kisha mtu wa nyumbani atoke nje apige hodi kwa sauti ndogo, nawe mara hiyohiyo utupe vipande vitano kwenye mkeka. Rudieni mara 10, pumzikeni, kesho mrudie kwa sauti ya kawaida. Mwisho wake, neno «hodi» lenyewe ndilo litakalompeleka mkekani.

Shida kubwa ya sehemu hii hutoka kwetu wanadamu. Mama humwambia mbwa anyamaze kwa Kiswahili, watoto humwambia kwa Kifaransa, bibi humwambia kwa Mashi, na zamu, yaani mlinzi, wa lango humpigia mluzi; kwa mbwa hizo ni kelele nne zisizo na maana. Kaeni chini mchague neno moja ambalo nyumbani halitumiki kufokea, kwa mfano «tosha», na kila mmoja alitamke kwa sauti ya chini. Akibweka mara tatu, tamka neno, weka kipande puani. Akinusa, amenyamaza, mpe. Ongeza sekunde za kimya kidogo kidogo, 2, kisha 5, kisha 10.

Anakubwekea wewe

Unakula, anabweka. Unazungumza kwa simu, anabweka. Unaketi, anabweka. Macho yake hayakuachi, na mara nyingi ana sababu nzuri: ana nguvu ambazo hazikupata njia. Wengi wetu hudhani mbwa mdogo anatembea vya kutosha ndani ya parsele, yaani uwanja wa nyumba, lakini kuzunguka palepale hakumchoshi wala hakumpi cha kunusa. Mtembeze dakika 20 asubuhi na 20 jioni, ukimruhusu asimame na kunusa anapotaka, na kimwage chakula chake cha mchana kwenye nyasi au katikati ya matambara makuukuu ndani ya karatoni ili akitafute. Angalia pia maji na njaa. Mbwa mdogo alishwe angalau mara 2 kwa siku, na mtoto wa mbwa mara 3 au 4.

Ikiwa hayo yote yametimizwa na bado anadai, basi dai lisilipwe. Usimtazame, usimguse, usimwambie neno. Geuka, na akinyamaza kwa sekunde 3, ndipo umwite. Jiandae kwa jambo ambalo huwashinda watu wengi: siku za mwanzo atabweka zaidi kuliko zamani, kwa kuwa njia iliyokuwa ikifanya kazi imekatika naye anaijaribu kwa nguvu zote. Anayevumilia siku hizo hufika. Anayevumilia dakika 15 kisha akatupa kipande cha bugali (ugali) ili apate amani, amemfundisha mbwa kwamba bei ya bugali ni dakika 15 za kubweka. Kwa sababu hiyo, waelezeni majirani mapema kwamba mmeanza mafunzo, na msiyaanze wiki ambayo nyumbani kuna msiba au mgonjwa.

Anabweka nyumba ikiwa tupu

Nyumba zetu zina watu wengi, na mbwa anaweza kukua bila kuwahi kuachwa peke yake hata saa moja. Kisha shule zinafunguliwa Septemba, watoto wanaondoka wote pamoja, na kelele inaanza. Au ni Jumapili, familia nzima iko kanisani kwa saa tatu. Mwenye nyumba ndiye wa mwisho kujua, kwa sababu hayupo.

Acha simu ikirekodi ukitoka. Mbwa aliyechoshwa na ukimya hubweka kidogo, hulala, huamka, hubweka tena. Mbwa anayeteseka kwa kuachwa huanza ndani ya nusu saa ya kwanza, mara nyingi ndani ya dakika chache, na hukwaruza mlango uliotokea, hutoa mate, hukojoa ndani hata kama hujua mahali pa kukojoa, na kile chakula kitamu ulichomwachia hakigusi mpaka urudi. Huyu wa pili hakukasirikii wala hakulipizi kisasi. Ana hofu ya kweli, na anastahili huruma.

Mzoeze kwa hatua ndogo kuliko unavyofikiri. Kwanza ondoa uzito wa maandalizi: chukua funguo na mkoba mara nyingi kwa siku, kisha uketi tu. Akiacha kushtuka, toka nje kwa sekunde 5, ingia, endelea na shughuli zako. Sekunde 20. Dakika 1. Ukirudi na kumkuta ametulia, ongeza; ukirudi na kumkuta akihema na kuranda, punguza. Katika wiki hizo jitahidi asiachwe kwa muda unaozidi uwezo wake, na hapa ujirani wetu ni hazina: koko, yaani bibi au babu, wa nyumba ya pili anayeshinda barazani, au kijana anayesoma nyumbani, anaweza kukaa naye. Kuleta mbwa wa pili mara nyingi hakutibu hali hii, kwa kuwa anayemtamani ni mtu.

Usiku

Angalia kwanza anakolala. Mbwa mdogo aliyeachwa nje huitikia kila mbwa wa mtaa, na mmoja akianza, kilima kizima hujibu. Mwingize ndani, kwenye chumba kisichotazama njia, na matatizo mengi ya usiku huisha usiku huohuo. Najua wengine watasema kwamba basi hatalinda. Atalinda vizuri zaidi, kwa sababu akibweka mara moja kutoka ndani utajua kuna jambo. Anayebweka usiku kucha hakuna amsikilizaye, hata siku mwizi anapokuja.

Alfajiri ina sababu zake. Mabomba yakikauka, watu hushuka na mabido, yaani madumu, kutafuta maji kabla ya saa 11, na madumu matupu yanayogongana humwamsha mbwa yeyote. Katika wiki hizo mweke upande wa ndani zaidi na umfungulie redio kwa sauti ndogo. Mbwa dume anayelia na kuranda kwa siku kadhaa mfululizo, akikataa chakula, huenda amenusa jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, katika mtaa; hali hiyo hupita, na kuhasiwa hupunguza mihangaiko ya aina hii, ingawa hakuondoi kubweka kwa sababu nyingine.

Radi, mabati na milio mikubwa

Mvua zetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, pamoja na radi nyingi, na chini ya paa la mabati lisilo na dari mlio wake unaumiza hata masikio yetu. Ardhi nayo hutetemeka mara kwa mara. Waliokuwapo tarehe 3 Februari 2008 wanakumbuka jinsi mji ulivyotikisika. Kuna na milio ya risasi, ambayo hakuna mkazi asiyeijua. Mbwa anayebweka kwa mambo haya anaogopa, kama watoto wanavyoogopa, na si kweli kwamba ukimkumbatia unamfundisha woga. Mweke karibu nawe katika chumba cha ndani kabisa, funga madirisha, mfunike kwa kitenge kizito akikubali, ongea naye kwa sauti ya kawaida. Akiacha kula kwa siku nzima baada ya milio kwisha, au akijiumiza akitafuta kutoroka, veterineri ana dawa zinazopimwa kwa uzito wa mbwa. Vidonge vya usingizi vya binadamu visitumike kwa kubahatisha, wala parasetamoli na ibuprofeni, ambazo zinaweza kumwua mnyama wa kilo chache.

Mambo yanayoongeza tatizo

Kumfunga mchana kutwa kwa mnyororo huongeza kubweka karibu kila mara, kwa kuwa mbwa anayeona kila kitu na kushindwa kufika popote hujaa hasira. Fimbo humfundisha kuogopa mkono, na mbwa mdogo aliyeadhibiwa kwa kuunguruma mwishowe huacha kuunguruma na huuma bila onyo, mara nyingi mtoto. Mikanda ya shingoni inayopiga shoti sipendekezi kwa mbwa yeyote, na kwa mwenye shingo nyembamba kama mkono wa mtoto ni ukatili. Kukata nyuzi za sauti huacha sababu palepale na kumnyang'anya mnyama njia ya kusema.

Baada ya wiki 3

Fungua tena daftari, uandike siku 7 nyingine kama mwanzo, kisha ulinganishe. Ikiwa idadi imeshuka katika saa zote, endelea bila kubadilisha. Ikiwa imeshuka mchana na usiku iko palepale, una vyanzo viwili na umeshughulikia kimoja. Rudi kwenye sehemu ya usiku. Ikiwa haikushuka popote, mara nyingi kuna mtu nyumbani ambaye bado humtupia chakula akibweka, au ugonjwa haukuonekana mara ya kwanza.

Kuna saa ambazo wewe huwezi kuziandika kwa sababu haupo, na hizo uzitafute kwa jirani. Nilipompelekea mzee wa nyumba ya chini habari kwamba usiku umetulia, alikubali, lakini akaniambia kuwa Jumapili mbwa hulia tangu tunapotoka mpaka tunaporudi. Sikuwa nimelijua hilo hata siku moja. Nilimpa daftari la pili, na kila Jumapili aliniandikia saa ya kuanza na saa ya kwisha, mpaka Jumapili ya sita aliponirudishia ukurasa mtupu.